Masaa Matatu ya Fundi Lifti

"Masaa matatu, Fundi! Niambie ulikuwa kwa nani!"

Binti aliichomoa pete ya uchumba akaitupa kwenye meza ya kukandia. Ikazama kwenye unga.

"Kwa nani tena? Nilikuwa angani!"

Mchumba wake alikuwa amerudi jana usiku kutoka mji wa mbali anakotengeneza lifti. Asubuhi hii amekuja moja kwa moja kwenye duka la mikate la Binti na mama yake, akapokewa na moto.

"Ulisema ndege ni masaa kumi, haitui popote. Tiketi uliyonitumia jana hii hapa: kuondoka saa tatu asubuhi, kufika saa nne usiku. Hesabu!"

Fundi akahesabu kwa vidole. Kumi na tatu.

"Umeona? Na huko katikati ya njia anakaa nani? Si yule mchumba wako wa zamani?"

"Mpenzi, ndege si lifti, nibonyeze kitufe nishukie njiani. Saa za kule ziko nyuma ya huku..."

"Hilo nalijua! Lakini tiketi ni moja, itaandikwaje saa za miji miwili?"

Akashika simu, akaandika: "Shangazi, waambie ndugu harusi ya Jumamosi haipo."

Kidole kikaelekea kitufe cha kutuma.

"Hebu weka simu," mama yake alisema kutoka kando ya tanuri. "Jana alikupigia akiwa mlangoni mwa ndege, anaondoka. Ulikuwa unafanya nini?"

"Natoa mikate, mama. Nilimwambia asubiri, nisije nikaunguza."

"Mkupuo wa ngapi?"

"Wa tatu."

Mama alinyoosha mwiko kwenye ubao ukutani, ambako Binti huandika kwa chaki kila mkupuo unapotoka.

"Soma."

Binti akasoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti. Sote tuna masikio."

"Wa tatu... saa sita mchana."

"Toka saa sita mchana mpaka saa nne usiku?"

"Kumi," alinong'ona.

"Basi. Kuondoka wameandika kwa saa ya kule, kufika kwa saa ya huku. Na tanuri langu halina mchumba wa zamani, halina sababu ya kudanganya."

Binti aliketi juu ya gunia la unga. Pumzi aliyoibana tangu jana ikamtoka yote. Alicheka huku machozi yanamtoka.

"Nisamehe. Usiku mzima sijalala."

"Hata mimi nilipohesabu kumi na tatu nilitaka kujiuliza nilikuwa wapi," Fundi alisema.

Binti akamshika mkono. Saa yake ya mkononi ilikuwa bado na majira ya kule. Akaisogeza mbele masaa matatu, taratibu.

"Hii haitarudi nyuma bila mimi. Ukirudi kule, tunakwenda wawili."

"Na duka?"

"Duka nililianzisha kabla yeye hajaota meno," mama alidakia. "Malizeni, mikate inaungua!"

Binti akaufuta ule ujumbe, akaandika mwingine: "Shangazi, Jumamosi njooni mapema."

Akatuma. Kisha akaifukua pete, akaipuliza unga, akampa Fundi na kunyoosha kidole.