Mpambaji wa Tatu

"Kabla sijakugusa, niambie kitu kimoja," mpambaji alisema huku akivuta kiti karibu na dirisha. "Wewe ni mtu wa kulia?"

"Kulia lini?" bi harusi mtarajiwa akauliza.

"Kwa jumla tu."

Dada yake, aliyeketi kwenye kochi na mkoba mapajani, hakumpa nafasi ya kujitetea. "Huyu hulia hata tangazo la sabuni likirefuka kidogo. Andika hivyo."

Mpambaji akaandika kweli, kwenye daftari dogo. "Na jasho linaanzia wapi?"

"Puani. Halafu hapa juu ya mdomo."

"Kuna dawa unayopaka usoni? Kuna kitu kimewahi kukuwasha?"

Msichana akajikuta anatabasamu. Maswali kama hayo ndiyo aliyokuwa akiwauliza watu yeye mwenyewe kazini kila siku. Alikuwa mfamasia, na ingawa alikwisha kuwaambia watu mara mia kwamba yeye si daktari, wateja wake walimwita Dokta, mtaa ukapokea, mwishowe hata mchumba wake akamwita hivyo hivyo.

Huyu alikuwa mpambaji wa tatu kumjaribu, na harusi ilikuwa imebaki wiki tano. Wa kwanza alikuwa maarufu mitandaoni. Alimpaka Dokta uso mzuri mno, ila haukuwa wake. Ukiangalia uso na shingo ungedhani ni watu wawili waliokutana kituoni. Kufika saa nane mchana pua ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Wa pili alichelewa saa mbili, akamfunga nywele kwa nguvu mpaka nyusi zikapanda, akamwambia, "Vumilia, urembo una maumivu." Dokta alimeza vidonge vya kichwa siku mbili.

"Tuonyeshe picha za maharusi wako," dada mtu akasema.

Mpambaji akafungua simu. "Mimi sionyeshi picha za asubuhi. Asubuhi kila mtu anapendeza. Hizi nimezipiga jioni, watu wameshacheza, wamelia, wamekumbatiwa na mashangazi."

Dada mtu akatazama, akanyamaza. Kwa jinsi alivyokuwa, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mpambaji alifanya kazi polepole. Alimjaribisha rangi tatu kwenye taya, karibu na mwanga, mpaka moja ikapotea kwenye ngozi. Alipaka kidogo, akagandamiza kwa sponji yenye unyevu, akangoja, akapaka tena kidogo. Nywele alizisuka kwa chini, zikawa kama msingi wa kushikia vibanio, bila kuvuta kipaji cha uso. Alipomaliza, Dokta akajitazama kwenye kioo, akajiona yuleyule, ila kama amelala usingizi mzuri wiki nzima.

"Sasa nenda kazini," mpambaji akasema.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Rudi saa kumi na moja jioni. Mimi nataka kuona uso uliofanya kazi."

Dokta akashinda dukani nyuma ya kaunta, feni imezimika tangu saa nne. Akapanda ngazi ya stoo mara kumi na kitu. Bibi mmoja mteja wake alimwangalia, akamwambia, "Leo umependeza, mwanangu, sijui umekula nini." Saa kumi na moja akarudi. Mpambaji akamsogeza dirishani, akamgeuza kushoto, kulia.

"Pua imesogea kidogo. Siku yenyewe nitaiandaa vingine. Kwingine kote kuko sawa."

"Basi nimekuchagua wewe," Dokta akasema. "Sina haja ya kuzunguka tena."

Mlango ukagongwa. Ni mchumba wake, aliyekuja kumchukua. Alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache, na kwa sababu hizo mbili marafiki zake walimwita Baridi.

"Hamjambo humu nda..." akaanza. Sentensi haikufika mwisho.

Mpambaji alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, hasogei.

"Hujambo," akasema taratibu.

"Sijambo. Mama yako anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Ahsante."

Dokta akamtazama huyu, akamtazama yule.

Ndani ya gari Baridi aliendesha kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Walipofika kwa kina Dokta, hakuzima injini.

"Tafuta mpambaji mwingine," akasema.

"Kwa nini?"

"Tafuta tu, nakuomba."

"Mama yake umemjulia wapi?"

"Dokta, tutaongea."

Akaondoka. Nusu saa baadaye simu ya Dokta ikatoa mlio. Ilikuwa meseji ya mpambaji:

"Dada, leo ndiyo nimejua bwana harusi wako ni nani. Ukitaka kubadilisha mpambaji sitakasirika. Lakini muulize yeye kwanza. Akishindwa kusema, njoo kwangu nitakwambia. Sipendi uanze kuyasikia kutoka kwangu."

Dokta akaisoma mara nne.

Asubuhi, kabla ya kufungua duka, akapitia karakana ya Baridi. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji kubwa la bucha, bisibisi mdomoni.

"Toa hicho kitu mdomoni, tuongee," akasema.

Baridi akakitoa. Akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Nilikuwa nimwoe," akasema. "Miaka minne iliyopita. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa. Zikabaki wiki tatu, akaniambia hawezi."

"Kulikuwa na mwanaume mwingine?"

"Hakuwepo. Ningefurahi angekuwepo, ningepata wa kumlaumu."

Dokta akakaa juu ya kreti tupu. "Siku uliyonivisha pete nilikuuliza kama umewahi kumvisha mwingine. Ukaniangalia machoni ukasema mimi ni wa kwanza."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Baridi akainamisha kichwa. "Kwa sababu kuna mtu alinijua vizuri, miaka mitatu, halafu akasema hapana. Niliogopa ukijua utaanza kutafuta kile alichokiona."

Dokta angeweza kupiga kelele. Alijikaza kisabuni, machozi yakateleza hata hivyo.

"Mtu kukukataa si kosa lako," akasema. "Kunidanganya ndilo kosa lako. Nipe siku mbili. Usinipigie."

"Na harusi?"

"Nimesema siku mbili."

Siku ya kwanza alihesabu vidonge vya watu na kukosea mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Dada yake akampigia.

"Unataka niongee na shemeji? Nina maneno yake hapa, nimeyapanga."

"Yahifadhi, dada. Kwanza kuna mtu nataka kumsikia."

Jioni ya siku ya pili akaenda kwa mpambaji. Chumba kilekile, kiti kilekile dirishani, ila safari hii hakuna aliyekikalia. Walikaa wote wawili kwenye kochi.

"Uliona nini kwake?" Dokta akauliza bila kuzunguka.

"Sikuona kitu kwake," mpambaji akajibu. "Ningekuwa nimekiona ningekwambia, kwa sababu mimi na wewe ni wanawake na ndoa si nguo ya kuazima. Niliona kwangu. Nilikubali kwa kuwa kila mtu alifurahi. Kila nikijaribu gauni nilitamani lichelewe kukamilika. Kosa langu ni moja, nilichelewa kusema. Nilimwaibisha mbele ya watu, mama yake akabeba aibu ile. Hilo bado linanikaa hapa." Akajigusa kifuani.

"Hamkuonana tena?"

"Ana kwa ana hapana, ila alikuja kwetu." Mpambaji akaweka mikono mapajani. "Mama yangu ana kisukari, anachoma insulini. Miezi miwili baada ya mimi kumkataa, umeme ulirudi kwa kishindo, friji letu likaungua. Wewe unajua maana yake."

Dokta alijua. Alijua chupa ndogo zile, na joto la msimu ule, na nyuso za wagonjwa wanaokuja kuuliza kama dawa iliyoshinda nje bado inafaa.

"Mimi sikuthubutu kumpigia. Mama ndiye aliyempigia, kwa siri. Akaja na vifaa vyake na boksi la barafu la kuwekea dawa. Akatengeneza kwa muda wa saa tatu. Mimi nilijificha chumbani kama mtoto. Alipomaliza mama akamkaribisha maji, naye akasema ahsante, ana kazi nyingine. Akaaga, akaondoka. Hakusema neno moja juu yangu. Baada ya wiki akarudi tena kuangalia kama friji linafanya kazi."

Dokta alikuwa analia tayari. Hakuna aliyeshangaa.

"Kwa nini hakuniambia hata hilo?" akauliza.

"Angekwambia hilo bila kukwambia lile? Umeshamjua alivyo."

Nje watu walikuwa wanatoka kazini, wanaitana, geti la duka la chini linashushwa.

"Nilikuja hapa kukuchukia," Dokta akasema. "Nilijiandaa kabisa."

"Najua. Uliingia umeshika mkoba kama ngao."

Wakacheka wote, kicheko cha watu waliochoka.

Kutoka hapo Dokta akampigia Baridi. Simu haikumaliza mlio wa kwanza.

"Dokta."

"Harusi ipo," akasema. "Sharti langu ni moja. Kuanzia leo usinichagulie cha kujua. Kibaya, kizuri, cha aibu, niletee chote. Nitajua mwenyewe cha kufanya nacho."

"Ahsante," Baridi akasema. "Sina neno lingine. Ahsante."

"Na atakayenipamba ni yuleyule."

"Dokta..."

"Watatu nimewaona. Wa kwanza alinigeuza mtu mwingine. Wa pili hakuniuliza hata jina. Huyu aliniuliza kama mimi ni mtu wa kulia, halafu akaniambia ukweli uliomchoma mwenyewe. Nikae mbele ya nani mwingine nifumbe macho?"

Baridi akafikiri. "Mama yangu nitamwambiaje?"

"Kama ulivyoniambia mimi. Ila yeye mwambie mapema."

Alimwambia siku ileile. Majibu ya mama mkwe yalifika kwa meseji moja tu: "Nimesikia." Dokta na dada yake waliigeuza meseji hiyo kila upande wasiijue maana.

Siku ya harusi mpambaji alifika kabla ya jua kupanda, na taa yake, na kisanduku chake, na shati la vifungo la kumvalisha bi harusi ili asivue kitu kupitia kichwani. Akafanya kazi mpaka saa tatu. Alikuwa anabandika kope za bandia, Dokta amefumba macho, pale mlango ulipofunguliwa na dada mtu akasema kwa sauti ya juu kuliko kawaida, "Karibu, mama mkwe."

Mpambaji akamalizia kope ile, akaweka kibano chini, ndipo akageuka.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe alisimama mlangoni amevaa gauni lake jipya, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Dokta akafumbua macho.

"Marahaba," mama mkwe akasema hatimaye. "Ni mimi niliyewapigia watu simu wakati ule. Mmoja mmoja. Watu zaidi ya mia."

"Najua, mama. Kila siku nilitaka kuja kukuomba radhi. Nikawa naogopa."

"Ungekuja." Mama mkwe akaingia, akafunga mlango nyuma yake. "Ningekufungulia."

Mama mkwe akamtazama Dokta, akamzunguka polepole kama anayekagua kitambaa dukani. Akamgusa kidevu kwa ncha ya kidole.

"Huyu ni yeye mwenyewe," akasema. "Kazi nzuri." Akavuta kiti cha pili, akakaa. "Ukimaliza, na mimi nipake kidogo. Ila usinifanye kijana, watu watanicheka."

Dada mtu ndiye aliyeanza kulia safari hii, na ikawa zamu ya Dokta kumcheka.

Ndoa ilifungwa saa sita. Dokta alilia wakati wa kiapo, akalia baba yake alipompa mkono, akalia tena shangazi mmoja alipomkumbatia mpaka shela ikapinda. Alicheza. Alikula. Alishikwa mashavu na kila mwenye mikono. Mpambaji alikaa kwenye meza ya nyuma, na mara mbili tu alisogea, kugandamiza pua kwa karatasi na kurudishia lipstiki.

Kwenye saa kumi na mbili, alipokuwa anafunga kisanduku chake ili aondoke, maharusi wakamfuata mlangoni, wameshikana mikono.

"Sijawahi kukushukuru," Baridi akasema.

"Mkeo ndiye aliyekaa kitini asubuhi nzima bila kutikisika. Mshukuru yeye."

"Nashukuru kwa lile la zamani. Nilikukasirikia miaka minne." Akatafuta maneno, na kwa mara ya kwanza Dokta alimwona akiyapata yote. "Ungenionea haya ukanyamaza, leo tungekuwa wawili tunaoteseka nyumba moja. Na huyu ningekuwa namwona dukani tu, nikinunua dawa ya kichwa."

Mpambaji akacheka, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. Dokta akamkumbatia, kisanduku kikiwa katikati yao.

"Msalimie mama," akamwambia. "Mwambie Jumatatu nikirudi kazini nitampitia nimwangalie."

Ndani ya gari, dada mtu akiwa usukani na shela imejaa kiti chote cha nyuma, Dokta akaegemea bega la mumewe.

"Kuna kingine hujaniambia?"

Baridi akawaza kwa muda. "Kipo."

Dada mtu akatazama kioo cha juu. Dokta akanyanyua kichwa. "Sema."

"Chai yako," Baridi akasema. "Unazidisha sukari. Miaka miwili nainywa hivyo hivyo."

Dokta akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akauweka mapajani juu ya gauni jeupe.

"Ahsante kwa kuniambia," akasema.