Nimeshakula kwa Mwenzako

Seremala mmoja watu walimwita Randa. Alikuwa na wake wawili na nyumba mbili, barabara ikipita katikati. Bi mkubwa alikuwa fundi cherehani. Bi mdogo alikuwa msusi. Randa alilala huku kwa zamu na kule kwa zamu.

Wake hawa hawakugombana. Hawakusalimiana pia. Wakikutana dukani, mmoja alisoma maandishi ya gunia la sukari mpaka mwenzake aondoke.

Jioni moja bi mkubwa alipakua wali na maharage. Randa alikula matonge mawili, akasukuma sahani.

"Mbona huli, baba watoto?"

"Nimeshiba. Nimeshakula kwa mwenzako."

Bi mkubwa aliondoa sahani. Roho ilimuuma. Miaka yote amempikia yeye, leo mume anakuja kwake ameshiba!

Haukupita muda, Randa akaleta suruali. "Nipunguzie kiuno. Inanidondoka."

Bi mkubwa aliipunguza. Baadaye ikarudi tena, na tena.

"Yule amemwambia anataka mume mwembamba," aliiambia cherehani yake. "Mzee mzima anatafuta kiuno cha kijana!" Cherehani haikujibu. Aliikanyaga kwa hasira mpaka sindano ikavunjika.

Ng'ambo ya barabara, bi mdogo naye alikuwa anawaka. Kila akipakua, Randa alimwambia maneno yale yale: "Nimeshakula kwa mwenzako." Bi mdogo aliamini. Siku moja alivuta nywele za mteja mpaka mteja akapiga kelele.

"Dada, hicho ni kichwa, si mkeka!"

Jirani yao mmoja alikuwa muuguzi. Alikuja kwa bi mkubwa kuchukua sare yake ya kazi. Bi mkubwa alikuwa amejaa, akamwaga yote.

"Nesi, mume wangu ameanza ujana. Suruali naipunguza kila mara."

Nesi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Anafanya mazoezi?"

"Mazoezi gani? Akipiga randa kidogo tu anakaa chini, anahema."

"Anakula?"

"Anakula kwa mwenzangu."

"Umemwona akila huko?"

"Nitamwonea wapi mimi?"

"Na choo chake je?"

Bi mkubwa aliona haya. "Kwangu hapati choo. Anakaa chooni mpaka watoto wanagonga mlango. Nilidhani anaandikiana meseji na yule."

"Umewahi kuona damu?"

"Sijaona. Labda kule."

"Basi nenda kule ukaulize."

"Mimi? Mguu wangu ukanyage kwake?"

"Wewe unajua nusu, yeye anajua nusu," nesi alisema. "Mgonjwa hatibiwi nusu."

Bi mkubwa alivuka barabara. Alimkuta mwenzake mlangoni, anasafisha vitana.

"Hodi."

"Karibu, dada," bi mdogo alisema, lakini uso haukukaribisha.

"Sikai. Nataka kujua kitu kimoja. Kwako mume wetu anakula nini?"

Bi mdogo alisimama. "Umekuja kunicheka? Si anakula kwako! Kila siku ananiambia ameshiba kwako. Mimi chakula changu nawapa kuku!"

"Kwangu?"

"Kwako!"

Bi mkubwa alikaa kwenye kiti cha wateja. "Kwangu anasema amekula kwako."

Walitazamana. Kisha macho ya bi mdogo yakawaka. "Ana wa tatu!"

Kwa mara ya kwanza wake hao wawili walikuwa na wivu mmoja. Bi mkubwa alitamani iwe hivyo. Mwanamke wa tatu unaweza kumfuata ukamtukana. Lakini alikumbuka maswali ya nesi.

"Mdogo wangu, umewahi kuona damu?"

Bi mdogo aliweka vitana chini. "Nimeona," alisema. "Kwenye nguo yake. Alisema ni bawasiri, nisimwambie mtu. Na tumbo linamwendesha sana akiwa hapa."

"Kwangu linafunga. Mbona hukuniambia?"

"Nilifurahi, dada. Nilikuwa na siri yake ambayo wewe huna."

Bi mkubwa alitaka kukasirika. Akakumbuka ile suruali, aliyoipunguza tena na tena bila kumuuliza mume wake hata swali moja. Akamshika mwenzake mkono, wakampitia nesi, wakaenda karakana ya mume wao.

Randa aliwaona wake zake wanakuja pamoja. Msumeno ukamtoka mkononi.

"Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu," bi mkubwa alisema. "Unakula wapi?"

Randa alitazama chini, penye takataka za mbao. "Sili," alisema. "Sina hamu, tumbo linanisokota. Ningekataa chakula tu, mngejua naumwa. Nikisema nimekula kwa mwenzako, mnakasirika na kunyamaza. Nilijificha kwenye wivu wenu."

"Twende hospitali," wake zake walisema kwa pamoja.

"Ya nini? Hii ni bawasiri. Na nimesikia wanaingiza mpira huko nyuma. Mimi, mwanaume mzima!"

"Mzee Randa, mficha uchi hazai," nesi alisema.

"Mimi nimeshazaa."

"Basi ishi uwalee."

Nesi alivuta kigoda, akakaa karibu naye. "Bawasiri hutoa damu, ni kweli. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Kwa kukisia huwezi kujua. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo. Kinakua miaka mingi kimya kimya. Kikionekana mapema, kinaondolewa hata kabla hakijawa saratani. Mtu akiona damu kwenye choo, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au akikonda na kuchoka bila sababu, asingoje. Wewe yote unayo."

Randa alijipangusa vumbi la mbao, akasimama. Bi mdogo alianza kulia. Bi mkubwa hakulia. Alichukua funguo, akafunga karakana.

Hospitalini Randa alipewa dawa ya kusafisha tumbo, kisha dawa ya kusinzia. Daktari aliingiza mpira mwembamba wenye kamera. Randa alipoamka aliuliza, "Mnaanza lini?" Walikuwa wameshamaliza.

Daktari alikuwa ameona uvimbe, akakata kipande kikapimwe. Majibu yalikuja: saratani ya utumbo mpana. Picha za skani zilionyesha haijafika kwenye ini.

"Mmemleta wakati bado tunaweza kumtibu," daktari alisema. "Tutamfanyia upasuaji, na baadaye dawa za saratani."

Bi mkubwa aliinua mkono kama mwanafunzi. "Daktari, ni chakula cha nani kilicholeta ugonjwa?"

Bi mdogo alimkata jicho.

"Hakuna sufuria ya kulaumiwa," daktari alijibu. "Haiambukizi, wala hairogwi. Umri huongeza hatari. Sigara, pombe na unene pia. Nyama nyekundu nyingi na soseji huongeza, mboga na matunda yakiwa haba. Tena huweza kufuata ukoo. Kwa hiyo watoto wake waje watuulize lini waanze kupimwa, hata kama hawaumwi."

"Na saratani nyingine za tumbo?" bi mdogo aliuliza.

"Zipo. Chakula kikikwama kooni, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, macho yakiwa ya manjano, njoo upimwe. Usimeze dawa za kukisia nyumbani."

Upasuaji ulifanyika. Dawa zilimchosha Randa, siku nyingine hata uji ulimshinda. Lakini sasa wake zake walipigiana simu. Zamu zilibaki, ila habari haikugawanywa tena.

Randa alimaliza dawa, akarudi karakana. Bado anaenda kupimwa kila anapoitwa.

Jioni moja alifika kwa bi mkubwa. Chakula kilikuwa mezani.

"Nimeshakula kwa mwenzako," alisema.

Bi mkubwa alichukua simu hapo hapo. "Mdogo wangu, amekula?"

"Amekula, dada! Amemaliza sahani, akaomba nyingine!"

Bi mkubwa alikata simu. Wivu ulimchoma pale pale pa zamani. Sahani mbili! Kwake hajawahi kumaliza hata moja na nusu.

Kisha Randa akatoa suruali ile kwenye mfuko aliokuja nao. "Inanibana kiunoni," alisema.

Bi mkubwa aliipokea. Alikuta mishono yake mwenyewe, mmoja juu ya mwingine. Alianza kuifumua, machozi yakidondokea kitambaa.

"Naipanua," alisema. "Lakini kesho unakula kwangu, na mimi nakaa hapa nikuone."