Pedi za Gari Lingine

Dereva alikuwa amekufa mguu ukiwa juu ya breki. Gari lake jeupe lilikuwa limejikita ukutani, chini ya mteremko.

Inspekta hakumtazama usoni kwa muda mrefu. Aliamuru magurudumu ya mbele yafunguliwe, kisha akawa anazunguka huku na huku.

Mkaguzi wa magari wa polisi alipiga magoti. "Pedi za breki zimelika hadi chuma, afande. Zote."

"Basi ni uzembe wake?"

"Ningesema hivyo." Alipitisha kidole kwenye diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi. "Lakini pedi zimelika upande, na diski imenyooka. Mikwaruzo hii ni ya leo tu. Hivi viwili havijawahi kuishi pamoja; pedi zimetoka gari lingine. Na boliti zina alama mpya za spana."

Saa tano walikuwa kwa mjane.

"Breki zilibadilishwa wiki iliyopita," alisema akifuta machozi. "Na shemeji yangu, fundi. Jana gari lilirudi gereji kwake kubadilishwa oili, mume wangu akalichukua leo asubuhi."

"Pedi zikilika hivyo hulia mpaka meno yanakufa ganzi. Mumeo hakusikia?"

Mjane aliinamisha kichwa. "Sauti nyembamba alikuwa hazisikii tangu mwaka jana. Aliogopa kunyang'anywa leseni. Aliniapisha nisimwambie mtu."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Kumchukua mama yake nyumbani kwa huyo fundi, mdogo wake. Aje akae kwetu."

Gereji, fundi alikuwa akifagia sakafu iliyokwisha kuwa safi. Inspekta hakumsalimu. Alipekua rafu moja baada ya nyingine, hadi nyuma ya madebe ya oili akakuta pedi nne, karibu mpya, zimeviringishwa kwenye kitambaa.

"Za nani?"

"Za mteja."

"Mteja gani?"

"Nimemsahau."

"Umemsahau kaka yako?"

Ufagio ulimponyoka.

"Sikutaka afe! Dereva yeyote akisikia chuma kinalia vile husimama. Nilijua atageuza gari kabla hajafika mbali. Nilitaka siku moja tu, nizungumze na mama."

"Umwambie nini?"

"Asiende. Miaka sita namwogesha, namlisha, namgeuza kitandani. Kaka huja mara moja kwa mwaka na mfuko wa matunda, mama anamsifu mwezi mzima. Halafu anasema anamchukua, kama anayehamisha kiti! Mimi nibaki na nani?"

"Kaka yako alikuwa hasikii sauti kama hizo," Inspekta alisema. "Alikuwa anaficha."

Fundi alikaa chini palepale, kwenye saruji.

"Hakuniambia."

"Alimwambia mkewe tu."

Alinyoosha mikono mwenyewe kutiwa pingu. Mlangoni alisita, akaitazama saa ya ukutani.

"Mama anakunywa dawa saa nane, afande. Kile kidonge cheupe ni nusu. Tafadhali, asipewe kizima."