Chaguo la Kwanza la Sikuzani

Siku hiyo steshenari ya Dada Winfrida, mkabala na stendi ya Nachingwea, ilijaa watu mpaka barazani. Maombi ya vyuo yalikuwa yamefunguliwa, na kila aliyemaliza kidato cha nne alikuja na bahasha kwapani na jasho usoni. Mashine ya kopi ilinguruma, feni ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na nyuma ya kompyuta moja iliyokuwa nzima alikaa Nuhu, kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Marambo, shati jeupe limeingia wino wa printa mpaka kwenye kola.

"Samahani kaka, hii foleni inakwenda mbele au inarudi nyuma?"

Nuhu aliinua macho. Mbele yake alisimama msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, kavaa dera la zambarau, mtandio umemteleza mabegani, na vumbi la barabara ya Ruangwa limemkaa kwenye nyusi kama wanja uliokosewa.

"Kwa wenye haraka inarudi nyuma," alimjibu.

"Basi mimi sina haraka. Nihudumie."

Watu waliangua kicheko, na Nuhu naye, ambaye tangu asubuhi hakuwa amecheka, akacheka. Akamwambia akae. Wenye foleni walinung'unika, lakini nani amemshinda mwanaume aliyekwisha kupendezwa?

"Jina?"

"Sikuzani Hassani. Kwetu Matambarale, ila nimesoma hapa hapa Nachingwea. Nimefuata cheti shuleni."

"Chaguo la kwanza?"

"Sayansi na teknolojia ya maabara. Mbeya."

"Mbeya! Si utaganda huko?"

"Nitavaa sweta. Wewe andika."

"Mbona wenzako wote wanajaza uuguzi?"

Sikuzani alisogeza kiti. "Umewahi kufanya praktiko ya kemia wewe? Unadondosha tindikali kwenye chupa, tone kwa tone, unasubiri rangi igeuke. Inageuka ghafla, kwa tone moja tu. Ukizidisha hata moja, umeharibu. Unamwaga, unaanza upya. Darasa zima walikuwa wanalia, mimi nilikuwa sitaki kengele ilie."

"Kwa hiyo ni raha tu?"

"Si raha tu. Msimu uliopita mjomba wangu alipeleka korosho ghalani, wakachomeka kile kidude cha kupima unyevu, wakamwambia mbichi, rudi nazo. Mjomba kazianika wiki nzima kwa mkono wake! Lakini utabishana na kidude? Mimi nataka kuwa mtu anayejua kidude kinasema kweli au kinasema uongo."

Nuhu alimtazama, kisha akaandika. Chaguo la pili alimwuliza, naye akapunga mkono: "Weka chochote. Sitalitumia hilo." Nuhu akaweka maendeleo ya jamii, katika chuo kimoja kidogo pale pale mjini.

Simu ya Sikuzani ilikuwa imezima chaji, kwa hiyo namba ya kupokelea meseji za uthibitisho ikawekwa ya Nuhu, na neno la siri likaandikwa kwenye daftari la Nuhu. Hakuna aliyeona ajabu. Vijana wa wilaya nzima waliacha mambo yao kwenye daftari lile. Ndiyo maana Dada Winfrida hakuchoka kumwambia: "Nuhu mdogo wangu, fomu ya mtu ni kama mswaki wake. Unaushika akikupa, basi."

Jioni ile ile simu ya Nuhu iliita; alikuwa Sikuzani.

"Haloo, Fundi Fomu! Fomu yangu imefika salama?"

"Imefika, mrembo. Imenisalimia, imeulizia mwenyewe yuko wapi."

"Acha zako wewe!"

Lakini hakukata. Wakaongea mpaka salio likaisha, na kesho yake tena, na kesho kutwa. Jumapili mbili zilizofuata Nuhu alipanda gari la abiria, Noah, kwenda Ruangwa, kavaa shati la mistari alilolipiga pasi mara mbili. Walikula mishikaki, wakatembea kwenye lami taa za barabarani zikiwaka, Sikuzani akimfundisha majina ya chumvi za maabara na Nuhu akiyakosea makusudi ili apigwe begani.

"Miaka mitatu Mbeya," Sikuzani alimwambia Jumapili ya pili. "Utanisubiri, kipenzi?"

"Nitakusubiri."

"Wanaume wa Marambo ninyi mnajua kusubiri korosho zianguke tu."

Alicheka yeye. Nuhu alicheka nusu. Mwenyewe kidato cha nne alipata sifuri, na hilo hakuwahi kumwambia. Njia nzima ya kurudi alijiuliza swali moja: msomi wa maabara atarudi kuja kuolewa na mtoa kopi? Alijua jibu, au alidhani analijua, na lilimchoma.

Siku ya mwisho ya maombi, Dada Winfrida alipokwenda kula, Nuhu alifungua daftari, akaingiza neno la siri la Sikuzani. Mfumo wa maombi mtandaoni ulikuwa bado unaruhusu kurekebisha. La pili akalipandisha likawa la kwanza, Mbeya akaishusha chini. Meseji ya uthibitisho ikaingia kwenye simu yake mwenyewe, naye akaithibitisha. Alijiambia ni mapenzi. Mapenzi husingiziwa mengi, na siku hiyo yakasingiziwa hilo pia.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu.

"Nuhu!" Sauti ya Sikuzani ilikuwa imepasuka kwa kilio. "Wamenipeleka maendeleo ya jamii! Maabara hawajanipa. Nina B ya kemia, Nuhu, nina B ya fizikia! Wanasema ndiyo chaguo langu la kwanza!"

"Pole, mpenzi..."

"Usinipe pole, nijibu. Mjomba Bilali, yule wa korosho, alikuja hapo dukani kwenu?"

Mjomba Bilali alikuja kweli, wiki ya mwisho ya maombi, kutoa kopi ya kitambulisho, na Nuhu alilisoma jina. Alitoa, akashukuru, akaondoka.

"Alikuja," alisema.

"Nilijua! Yeye ndiye alisema maabara ni kazi ya kuchezea mikojo ya watu. Aliomba kuona fomu yangu? Mlimfungulia?"

Hapo palitosha neno moja, hapana. Nuhu alilitafuta mdomoni, akakuta jingine. "Walikuja watu wengi siku ile, Sikuzani. Sikumbuki vizuri."

Kwa watu wa huku mjomba si mtu wa kusalimia tu. Yeye ndiye mwenye sauti juu ya mtoto wa dada yake, yeye ndiye anayesomesha, na yeye ndiye anayeulizwa siku ya posa. Kumtukana mjomba ni kukata tawi ulilokalia. Jioni ile Sikuzani alilikata, mbele ya majirani, kwa sauti. Kisha akafunga nguo zake, akahama kwa mjomba Matambarale, akaenda kukaa kwa mama yake Ruangwa mjini.

Nuhu alisimuliwa yote hayo kwa simu, mpenzi wake akilia, naye akimbembeleza. Alikuwa amempata Sikuzani karibu kama alivyotaka, na sasa kila simu yake ikiita alitamani isiwe yeye.

Jumatano moja, siku mbili kabla ya awamu ya pili ya maombi kufungwa, mzee aliingia dukani, kavua kofia yake ya kufuma kaishika mkononi. Alikuwa Mjomba Bilali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi wa kompyuta? Nimekuletea vyeti vya yule ntoto wangu." Akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake kopi zimekunjwa kwa uangalifu wa mtu asiyezoea karatasi. "Kuna awamu ya pili, redio imesema. Nataka unrudishie maabara yake."

Nuhu aliupokea mfuko, asiufungue.

"Amenambia mimi nchawi wa maisha yake. Mbele za watu," mzee aliendelea, taratibu. "Sikunjibu. Ntoto wa dada yako akikutukana, ukijibu umejitukana mwenyewe. Na kweli niliicheka ile maabara yake, sikatai. Lakini korosho zangu ziliporudishwa, watu wote walinambia nyamaza, mzee. Yeye peke yake ndiye aliuliza kile kidude nani anakipima. Ndugu yangu, akili ile nikae nayo Matambarale ifanye nini? Andika baba, aende."

"Mzee," Nuhu alisema, na machozi yakamtangulia. "Fomu niliibadilisha mimi."

Mashine ya kopi ilinyamaza. Dada Winfrida, aliyekuwa ameishika karatasi, alimgeukia taratibu, akaiweka chini. Nuhu akasema yote, mpaka la "sikumbuki vizuri".

Mjomba Bilali alivaa kofia, akaivua tena.

"Ulinsikia ananitukana, ukanyamaza?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya, simama twende Ruangwa. Ukamwambie kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea hata neno."

Katika Noah walikaa bega kwa bega mpaka Ruangwa. Sikuzani walimkuta uani kwa mama yake, kajifunga kitenge, anapepeta ufuta. Alipomwona mjomba akageuza uso. Alipomwona Nuhu nyuma yake, ungo ukasimama hewani.

Nuhu alisimulia akiwa amesimama, macho chini. Alipomaliza, Sikuzani hakumwangalia kabisa. Aliweka ungo, akaenda kupiga magoti mbele ya mjomba wake, paji la uso likagusa vumbi la miguu ya mzee.

"Mjomba, nimekukosea. Mjomba, nisamehe."

"Inuka, ntoto. Utachafua kitenge cha mama yako." Lakini mkono alioushusha kichwani kwa mpwa wake haukutoka upesi.

Ndipo Sikuzani akamgeukia Nuhu.

"Ulitaka nisiende."

"Niliogopa. Mimi nilipata sifuri, Sikuzani. Sikukwambia. Nilijisemea ukienda huko utaona watu, mimi utanisahau."

"Basi ungesema! Ungeniambia, Sikuzani, usiende. Ningekukatalia, tungelia wote wawili, yangeisha. Ulikuwa na mdomo, Nuhu. Mbona ulitumia mkono?"

Sikuzani alinyoosha kiganja.

"Neno la siri, kaka Nuhu."

Lile "kaka" lilimwingia kuliko tusi. Alitoa karatasi aliyoichana kwenye daftari. Sikuzani alifungua mfumo kwenye simu yake, akabadilisha neno la siri, akabadilisha na namba. Mfumo ukataka kuthibitisha kwa namba ya zamani, na meseji ikalia mfukoni mwa Nuhu.

"Nisomee."

"Nne, sifuri, saba," Nuhu alisoma. "Moja, moja, sita."

Sikuzani alibonyeza. Namba ya Nuhu ikafutika. Mjomba Bilali alikuwa kaangalia pembeni, kwenye ufuta, kama mtu anayewaonea haya wote wawili.

Mbeya ilikuwa imejaa. Nafasi iliyobaki ya maabara ilikuwa Mwanza, mbali zaidi hata ya Mbeya, na Sikuzani aliichukua bila kuuliza mtu. Nuhu alizipata habari hizo kwa Dada Winfrida, ambaye alikuwa amemtoa kwenye kompyuta na kumweka kwenye mashine ya kopi. "Sikufukuzi, kwa sababu ulisema mwenyewe," alimwambia. "Ila fomu ya mtu hutashika tena hapa."

Siku ya safari Nuhu alikaa stendi tangu asubuhi, kavaa lile shati la mistari, akichungulia kila gari lililotoka Ruangwa. Mpaka saa nane hakumwona. Baadaye kondakta mmoja akamwambia yule binti na mjomba wake walipita njia panda ya Nanganga, wakadaka basi la Dar huko huko. Nachingwea hakuikanyaga kabisa. Nuhu alirudi dukani, akatoa kopi za watu, na usiku akalia kama mtoto.

Hakupiga simu. Aliona hana haki. Msimu wa korosho ukaingia, wakulima wakajaa dukani kutoa kopi za stakabadhi, na mmoja wao akawa Mjomba Bilali, aliyempa salamu tu na kuchukua kopi zake. Kisha mlangoni akasimama.

"Anauliza kama bado upo kazini," alisema. "Nimemwambia upo."

Wiki nzima Nuhu aliishi na maneno hayo. Jumamosi mchana, mikono imejaa wino, simu ikaita namba ngeni.

"Haloo?"

Kulikuwa na kelele za watu upande wa pili, na vyombo vya glasi vikigongana.

"Leo tumefanya praktiko," sauti ilisema, bila salamu. Nuhu alishika ukingo wa meza. "Mwalimu kasimama nyuma yangu, nikatetemeka, nikazidisha tone. Rangi ikapitiliza."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwaga."

Nuhu alifumba macho. Mteja alikuwa anamsemesha, hakumsikia.

"Nikaosha chupa, nikaanza upya," Sikuzani alisema. "Niko nayo tangu asubuhi. Ya mara ya pili unaogopa zaidi, unadondosha kidogo kidogo mno."

"Na ikageuka?"

"Bado. Nimetoka mlangoni kupumzika kwanza."

Wakanyamaza, salio likienda. Hakuna aliyeogopa salio kwisha.

"Mwanza kuna baridi?" Nuhu aliuliza mwisho.

"Hakuna. Sweta nimelibeba bure." Akavuta pumzi. "Haya, niambie na wewe. Umekula nini leo, Fundi Fomu?"