Tambara la Kotone

Muziki wa kuashiria saa ya usafi ulipopigwa shuleni baada ya chakula cha mchana, watoto wote walijifunga vitambaa kichwani na kukimbilia ndoo. Kundi la Kotone lilikuwa na watoto wa madarasa mbalimbali, na kazi yao ilikuwa kupiga deki korido ndefu ya mbao. Kotone, wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa kiongozi. Nyumbani kwao Morioka, kaskazini mwa Japani, hakuna jirani ambaye hakuambiwa habari hiyo.

Lakini kuwaongoza hawa! Alisimama katikati ya korido, mikono kiunoni, akielekeza huku na kule, na maneno yake yaliingia sikio hili yakatokea lile. Genta wa darasa la tano aliburuta miguu makusudi. Suzuna, mdogo wa darasa la kwanza, aliacha madimbwi kila alipopita. Mwalimu Kuwabara alikwisha kusema kwamba korido isipong'aa kufikia Ijumaa, uongozi utakwenda kwa Genta. Kwa Genta, jamani! Kotone alitamani kulia kwa hasira.

Alhamisi walipoketi kwenye kikao cha kujisahihisha mwishoni mwa usafi, Kotone aliwasema mmoja mmoja, kama alivyozoea, akamalizia kwa Suzuna.

"Nimekwambia mara ngapi ukamue tambara?"

"Maji yanauma, dada," Suzuna alisema kwa sauti ndogo. "Nikikamua vidole vinakataa."

"Huyo mnyapara atajuaje?" Genta akadakia. "Tangu apewe cheo hajalowesha hata kucha."

Wenzake wakacheka. Kotone alifura, maana maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Akalinyakua tambara la Suzuna akalichovya ndooni ili awaonyeshe kwamba si kitu. Lo! Baridi ilimpanda mpaka kwenye viwiko. Akavitazama vidole vya yule mtoto, vyekundu, vimepasuka pasuka, na hasira yote ikamgeukia mwenyewe.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Lisimamishe hivi, mkono mmoja juu na mwingine chini, halafu zungusha. Nami nitashika hapa."

Wakakamua pamoja. Kisha Kotone akainama, akalitandaza tambara sakafuni, akaweka viganja juu yake, akaondoka mbio, makalio juu, hadi mwisho wa korido. Hakumwita mtu. Genta alimtazama akirudi, akaguna kwamba mbio gani hizo za bibi kizee, akachukua tambara lake. Basi wale wengine wangebaki wamekaa? Muziki ulikwisha zamani, nao bado walikuwa wakifukuzana na matambara.

Ijumaa Kotone alikuta tambara limekwisha kukamuliwa vizuri, limewekwa mwanzoni mwa korido.

"La kwako, dada," Suzuna alisema. "Tulikuwa tunakungoja uanze."

Mwalimu Kuwabara alipita na soksi zake juu ya mbao zilizong'aa tangu jana, akazitazama nyayo za soksi hizo: zilikuwa kavu. Genta aliharakisha kusema kwamba yeye uongozi hautaki, Kotone aachiwe.

"Umesikia?" Mwalimu alimwambia Kotone. "Cheo nilikupa mimi, na ningeweza kukunyang'anya. Lakini mtu hafuatwi kwa sababu ya cheo. Wenzako wamekufuata kwa sababu umeinama nao. Hilo sikukupa mimi, wala siwezi kukunyang'anya."

Muziki ulikuwa umeanza, na mikono ya Kotone ilikuwa tayari ndani ya ndoo.