Baki Iliyofutwa

Nashipae alikufa ndani ya banda la maua, na sumu iliyomuua ilitoka kwenye mabomba ambayo mchana hayakutakiwa kutoa hata tone.

Alilala kifudifudi kati ya mistari miwili ya waridi, povu limemkauka mdomoni. Wenzake watatu walikuwa nje kwenye majani, wanatapika. Shamba lenyewe lilikuwa chini ya Makumira, moja ya yale yaliyoanzishwa nchi ilipowafungulia milango wawekezaji. Milango ilifunguliwa kweli. Barakoa za wafanyakazi hazikununuliwa.

Inspekta Muzammil alipofika na Konstebo Lerionka, mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana. Joel Kaanaeli, mnyunyizaji dawa, alikuwa amekalishwa chini, kafungwa kamba mikono kwa nyuma, damu inamtoka mdomoni.

"Nani kampiga?"

Waliomzunguka walirudi nyuma hatua moja.

"Nimeuliza nani kampiga."

"Wananchi wenye hasira, Afande," alijibu kijana mwenye shati jeupe. Alijitambulisha kuwa Melkizedeki, mtaalamu wa kompyuta wa shamba. "Huyu ndiye mwenye ufunguo wa koki ya dawa. Saa nne kaifungulia watu wakiwa ndani. Alikuwa na ugomvi na marehemu."

"Ugomvi gani?"

"Marehemu alimwita mlevi mbele ya watu."

"Kama mtu anaua kwa kuitwa mlevi," Joel alisema kwa shida, "Meru nzima ingebaki na migomba tu."

Lerionka alimpekua, akachukua ufunguo, akamfungua kamba na kumtia pingu. Muzammil akainama mlangoni kuitazama maiti.

Ilipotimia saa tano, mabomba ya juu yakaanza kulia. Ukungu wa dawa ukashuka upya juu ya Nashipae.

"Rudini nyuma wote."

Melkizedeki alikimbilia chumba cha mashine. Baada ya muda mabomba yakanyamaza.

Muzammil alimtazama Joel. Pingu mkononi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Lerionka.

"Mfungue," alisema. "Mtu ana pingu, ufunguo anao askari, na dawa imemwagika. Tulitaka afungue koki kwa meno? Na hayo meno yenyewe mmeshayang'oa."

Programu ya mabomba iliandikwa miaka miwili nyuma na mama mmoja, Tabea, anayetunza mitambo ya shamba. Muzammil alimkuta chumba cha mashine, amesimama mbele ya kisanduku cha kompyuta.

"Pole na msiba, mama. Mabomba hufunguka lini?"

"Saa sita usiku tu, mabanda yakiwa matupu. Kompyuta huhesabu masaa. Inagawanya kwa ishirini na nne, inachukua jibu zima bila baki, inazidisha tena kwa ishirini na nne. Kisha inatoa hesabu hiyo kwenye yale masaa. Kinachosalia ndiyo baki. Baki ikiwa sifuri, nyunyiza."

"Nifanyie ya leo."

"Saa nne asubuhi hesabu ilikuwa thelathini na nne, tangu saa sita ya usiku wa kuamkia jana. Gawa kwa ishirini na nne, jibu moja. Moja mara ishirini na nne, ishirini na nne. Toa kwenye thelathini na nne, baki kumi. Siyo sifuri. Mabomba yanyamaze."

"Hayakunyamaza."

"Kwa sababu leo asubuhi Melkizedeki aliweka programu yangu baada ya kuipitisha kwenye kompaila yake."

Kompaila, alieleza, ni programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa amri za mashine. Ile ya Melkizedeki ilikuwa na sifa ya ziada: ilifupisha hesabu kwanza, ili amri ziwe chache.

"Ina kanuni moja," Tabea alisema. "Ukigawa namba kisha ukazidisha kwa ileile, umerudi ulikotoka, kwa hiyo futa vyote viwili. Kwenye namba zenye sehemu ni kweli. Kompyuta hii inafanya namba nzima tu. Ukifuta, umefuta baki. Inakuwa thelathini na nne toa thelathini na nne. Sifuri. Kila saa ni sifuri."

"Ulimwambia?"

"Wiki iliyopita. Akanijibu, mama, kahesabu maua."

Alifungua kisanduku, akakunja uso. Chipu iliyokuwemo, kile kidude kinachobeba programu, ilikuwa na lebo yenye mwandiko wake. Mtu alikuwa ameirudisha ya zamani.

Lerionka aliipata ile mpya kwenye gari la Melkizedeki, ndani ya kisahani cha majivu ya sigara.

Muzammil aliamuru matangi yaoshwe na kujazwa maji. Chipu ya garini ikawekwa kwenye kompyuta. Watu wote walisimama mbali. Saa tisa ilipofika, mabomba yakamwaga maji. Saa kumi yakamwaga tena. Joel alitazama, kitambaa amekibana mdomoni.

Kituoni, Melkizedeki alikaa wima.

"Kompaila yangu nimeijaribu, Afande."

"Kwa namba zipi?"

"Ishirini na nne. Arobaini na nane. Tisini na sita. Zote zilitoa jibu sahihi."

"Zote zinagawanyika bila baki."

Melkizedeki alianza kugawa kwa vidole, akaacha.

"Mtoto wa darasa la tatu anajua kuandika 'baki moja', wewe umesoma mpaka ng'ambo ukaona baki ni uchafu. Kwa nini ulitaka kufupisha?"

"Kompyuta ile ni ndogo. Mwekezaji alitaka kuagiza nyingine. Nikamwambia kompaila yangu itaingiza mabanda yote kwenye hiyohiyo. Wenye mashamba mengine walikuwa wanasubiri waone, wainunue."

"Saa nne, Nashipae alipoanguka, hukujua?"

"Saa nne nilitumaini ni Joel."

"Na saa tano?"

Melkizedeki aliinamisha kichwa. "Saa tano nilijua."

"Ukafanya nini?"

"Nikazima. Nikabadilisha chipu."

"Joel alikuwa hapo nje, anatema damu. Ulimpita mara mbili."

"Yule ni mnyunyizaji tu, Afande. Nilijua angetoka baadaye. Mimi ningekuwa nimekwisha."

Muzammil aliweka kalamu chini. Kisha akaisukuma kwake pamoja na karatasi.

"Andika jina lako," alisema. "Lote. Usilifupishe."

Kompaila ile iliipunguzia kompyuta kazi mbili: kugawanya mara moja na kuzidisha mara moja. Gharama yake ni hii. Joel alipoteza meno matatu ya mbele. Swabaha, mmoja wa wale watatu waliotapika nje, aliyekuwa anakata waridi karibu na bomba la kwanza, haoni kwa jicho la kulia. Maulida, wa pili, mimba ya miezi mitano ilimtoka hospitalini. Catherine, wa tatu, alipona, ila mikono inatetemeka na hawezi kushika mkasi. Nashipae alizikwa ana miaka ishirini na sita, na mwanawe wa miezi saba, aliyeachwa kwa bibi yake kule Engutoto, alilia kutwa akakataa chupa.