Madebe Tisa kwa Siku

Bibi Pindo alikaa kwenye cherehani asubuhi, tayari kukanyaga. Kandambili ikakataa kuingia mguuni. Mguu ulikuwa umevimba.

"Mama, twende zahanati," alisema mkwewe.

"Kliniki yangu bado wiki mbili. Nikienda leo nesi atanigombeza."

"Akugombeze kwa lipi?"

Bibi Pindo akatazama pembeni, kisha akakiri. Vidonge vya presha alikuwa akivimeza siku chache tu kabla ya kila kliniki. Akipimwa, presha imeshuka, nesi anamsifu. Ndivyo alivyokuwa hata kwa nguo za wateja: alizipiga pasi siku ileile mteja anapokuja kuchukua.

Mkwe alishika kiuno. "Kumbe unamchezea nesi! Mtu mzima wewe!"

"Kichwa hakiniumi, mwanangu. Nimeze dawa ya nini?"

Walikwenda. Alipimwa presha, damu na mkojo. Daktari akambadilishia dawa. Kisha nesi akavuta kiti, akakaa karibu naye. Hakugomba.

"Bibi, presha yako iko juu sana. Figo zimeanza kuchoka."

"Figo? Si presha ni ya moyo?"

"Na ya figo pia. Hebu kunja ngumi. Figo moja ni kama hiyo. Ziko mbili, huku nyuma, chini ya mbavu. Kila moja ina vichujio vidogo karibu milioni. Kwa siku, figo zinachuja maji ya kujaza madebe tisa kutoka kwenye damu. Karibu yote yanarudi mwilini. Uchafu unatoka na mkojo."

Bibi Pindo aliitazama ngumi yake kama ya mtu mwingine. "Madebe tisa? Kangumi haka?"

"Usiku na mchana. Wewe umelala, zenyewe zinachapa kazi."

"Makubwa haya!"

"Sasa presha ikikaa juu, inaharibu mishipa myembamba ya figo. Kimya kimya, bila maumivu. Wazee wengi duniani wanapoteza figo hivyo, matajiri kwa maskini. Zikishindwa kabisa, unasafishwa damu kwa mashine, mara nyingi siku tatu kila wiki."

"Na cherehani yangu atakanyaga nani?"

"Wewe mwenyewe, ukimeza dawa kila siku, hata ukijisikia mzima. Chumvi punguza. Na vidonge vya maumivu ya mgongo usinunue bila kumuuliza daktari. Vingine vinaumiza figo."

Tangu siku hiyo Bibi Pindo alimeza dawa kila asubuhi, kabla hajagusa kitambaa. Chumvi ilihama mezani. Mkwe alinung'unikia mboga siku mbili tatu, kisha akazoea. Uvimbe ukaisha.

Baada ya miezi sita alipimwa tena. Nesi alisoma karatasi mara mbili.

"Presha imetulia, bibi. Na nguvu ya figo haijashuka hata kidogo."

"Zimepona?"

"Palipoharibika haparudi. Lakini sehemu iliyobaki inafanya kazi, hata sasa tukiongea."

Bibi Pindo taratibu akapeleka mikono yote miwili nyuma, chini ya mbavu, kama anayeingia chumba chenye watu walioinamia kazi.

"Poleni na kazi," alinong'ona.